Mizunguko Mia Tano

Mwalimu Ndahani alikuja gereji kwangu, Chang'ombe,
na karatasi yenye madoa ya chai.
"Nataka pipa," akasema, "linalozunguka kinyumenyume."
Nikamwambia mimi nachomelea mageti na vitanda vya hosteli,
mapipa ya wazimu sijawahi.
Akacheka. Akaacha elfu ishirini juu ya mkebe wa grisi.

Ilikuwa hesabu ya Vita Kuu ya Pili:
ukuta wa bwawa, mnene kuliko nyumba,
na nyavu za chuma majini kuzuia makombora yaogeleayo.
Basi mtu mmoja akakumbuka watoto
warushavyo vigae juu ya maji,
chwa, chwa, chwa, mpaka ng'ambo.

Hombolo, mwezi wa kumi. Maji yamezikimbia kingo,
tope limekatika vipande kama ukoko.
Tukajenga ukuta wetu kwenye kijimkono cha bwawa,
kimo cha goti, saruji mifuko miwili,
kidato cha tatu wakigombea mwiko.
Pipa lenyewe: kopo la rangi la lita nne,
mota ya mashine ya kufulia, mkanda wa cherehani,
betri ya bodaboda ya kaka yake Mbeleje
ambaye hakuombwa.
Na tyubu ya trekta, ya kulifyatulia.

Mara ya kwanza lilizama bila salamu.
Ya pili likakata kushoto, likawafuata mbuzi wa watu;
mwenye mbuzi akatamka maneno
ambayo kidato cha tatu walikwisha kuyajua.
Mwalimu akapiga magoti topeni, akakokotoa.
Mizunguko haitoshi. Mia tano kwa dakika, si pungufu.
Na kimo: tochi mbili zilizoinamishwa
mpaka miduara yake iwe mmoja juu ya maji.
Na umbali: Mbeleje akachonga panda ya mti,
akapigilia misumari miwili kwenye ncha;
misumari ikifunika nguzo mbili za ukuta, achia.
Vita yote ile, nikawaza, na kipimo ni panda ya manati.

Achia!

Chwa. Chwa.
Chwa.
Likagonga ukuta, na badala ya kurudi
(hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kinyumenyume)
likaung'ang'ania, likauteremka
kama mjusi, taratibu, hadi mguuni.
Baruti hatukuwa nayo. Tulijaza chokaa.
Weupe ukapanda kutoka chini, ukatanda kama maziwa.
"Bomu ni kiberiti tu," Mwalimu akasema.
"Nyundo ni maji yenyewe."
Wakashangilia. Nami nilishangilia, ni kazi ya mikono yangu.

Mbeleje alikuwa bado ameshika panda yake.
"Na kule bondeni, mwalimu, walilala kina nani?"
Mwalimu alifunua karatasi, akaifunua tena.
"Zaidi ya elfu. Wengi wao mateka na vibarua wa kulazimishwa.
Vita haikuwa hata yao."

Mama yangu alichimba lambo, kule Chipanga,
viangazi vitatu, udongo kichwani kwa karai,
mimi mgongoni nikila vumbi lake.
Fuko mmoja tu, asiye na hesabu wala tochi,
alitoboa chini, palepale penye chokaa,
na usiku mmoja wa masika tukasikia kitu kama treni
mahali pasipo reli.
Asubuhi palibaki tope, kambare wakitapatapa,
na mama amesimama na karai, hajui alitue wapi.

Jioni nilifunga kopo nyuma ya pikipiki.
Nilipofika kwenye tuta la bwawa lenyewe, lile kubwa,
nilizima injini.
Nikateremka upande usio na maji, mpaka mguuni,
nikapapasa udongo kwa kiganja.
Pakavu.
Nikasogea hatua mbili, nikapapasa tena.